Je, Anayeuza Chakula Bila Kibali Ametenda Kosa?

Neno kibali lina sura mbili katika Kiswahili. Sura ya kwanza ni ya ofisini: karatasi yenye mhuri na sahihi, inayompa mtu ruhusa ya kufanya jambo fulani, kama vile kujenga nyumba, kusafirisha mbao au kuuza chakula. Sura ya pili ni ya moyoni. Husemwa kwamba mtu amepata kibali machoni pa mfalme au mbele za Mungu, yaani amependwa na kukubaliwa. Sisi tunaojifunza Kiswahili nchini Uganda, ambako wengi wetu tunakutana nacho darasani na si jikoni, hufundishwa kuzitenganisha maana hizi mbili. Lakini nikiwatazama watu wanaouza chakula barabarani, naona kwamba mara nyingi zimechanganyika zenyewe. Mwenye karatasi ni yule aliyependwa, na asiyependwa hana karatasi.

Kutokana na hali hiyo linazuka swali ambalo insha hii inajaribu kulijibu: je, mtu anayeuza chakula bila kibali ametenda kosa? Simaanishi kosa la kisheria, kwa maana hilo hakimu atalijibu kwa dakika moja. Namaanisha kosa la kimaadili, lile ambalo mtu mwema angejutia hata kama hakuna askari aliyemwona.

Mfano nitakaoutumia ni gari la chakula. Hili ni gari, mara nyingi basi dogo kuukuu au lori dogo, lililoondolewa viti na kuwekewa jiko la gesi, tanki la maji, na dirisha pana la kuwahudumia wateja waliosimama nje. Katika miji ya Marekani biashara hii imezoeleka sana. Kwetu Afrika Mashariki bado ni changa, lakini ina ndugu wengi wa zamani: mkokoteni, kibanda, na sinia la kichwani. Anayepita Wandegeya jioni, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, atawaona wauzaji wa rolex wakikunja mayai ndani ya chapati za moto, na wengine wakikatakata chapati na kuzichanganya na maharagwe kuwa kikomando. Mwanafunzi wengi wao ni hawa hawa wanaomlisha. Na muuzaji akipata fedha kidogo, jambo la kwanza analoota ni magurudumu, ili awafuate wateja badala ya kuwasubiri.

Kabla ya kuzilaumu sheria, ni haki kwanza kuuliza kwa nini zipo. Anayetaka kuendesha gari la chakula kwa kawaida hudaiwa mambo mengi: leseni ya biashara, usajili wa jina la biashara, namba ya mlipakodi, cheti cha afya cha kila anayegusa chakula, ukaguzi wa jiko na maji, ukaguzi wa gari lenyewe, na ruhusa ya kuegesha mahali fulani. Orodha hii inachosha hata kuisoma. Hata hivyo, ndani yake kuna mambo ambayo binadamu wamejifunza kwa uchungu.

Chukua kisa cha Mary Mallon, mpishi mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi katika nyumba za matajiri wa New York. Mwaka 1907 maofisa wa afya walitambua kwamba alikuwa amebeba vijidudu vya homa ya matumbo bila yeye mwenyewe kuugua. Alitengwa kisiwani, akaachiliwa mwaka 1910 kwa ahadi kwamba hatapika tena. Baadaye alibadili jina na kurudi jikoni, safari hii katika hospitali ya wazazi, na mwaka 1915 watu wakaanza tena kuugua. Alirudishwa kisiwani na kubaki huko hadi alipofariki mwaka 1938. Waliokula chakula chake hawakuwa na namna yoyote ya kumtambua, kwa sababu chakula kilikuwa kitamu na mikono yake ilionekana safi.

Mfano wa pili unahusu gari la chakula lenyewe. Tarehe 1 Julai 2014, katika jiji la Philadelphia, mtungi wa gesi wa gari la chakula ulilipuka. Mama na binti yake waliokuwa wakifanya kazi humo walifariki kutokana na majeraha ya moto, na watu wengine waliungua. Mtungi wa gesi ndani ya chumba chembamba cha bati si jambo la mchezo. Anayedai kwamba ukaguzi wa mitungi ni usumbufu tu wa serikali angepaswa kuyasema maneno hayo mbele ya waliofiwa.

Mifano hii miwili inatuonyesha msingi wa kimaadili wa kibali. Anayenunua chakula hununua asichoweza kukichunguza. Nikinunua kitambaa, nitakivuta na kukinusa. Nikinunua kuku, nitamnyanyua nimpime kwa mkono. Lakini nikila rolex, siwezi kuyaona maji yaliyooshea nyanya, wala sijui kama aliyezikata ana kikohozi cha muda mrefu. Kibali ni jicho langu lililokwenda mahali ambapo macho yangu hayafiki. Mkaguzi huangalia kwa niaba ya watu elfu ambao hawana muda wala ujuzi wa kuangalia. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba maskini aachwe apike apendavyo kwa sababu tu ni maskini. Wanaokula kwake ni maskini wenzake, na tumbo la maskini huugua sawasawa na la tajiri. Tofauti ni kwamba maskini hana fedha za kwenda hospitali.

Lakini hapa ndipo tunapopaswa kuwa waangalifu. Kwa kuwa baadhi ya sheria zinamlinda mlaji, watu wengi hudhani kwamba sheria zote za gari la chakula zinamlinda mlaji. Sivyo. Nikizipanga sheria hizi kwa kuuliza kila moja inamlinda nani, ninapata makundi matatu. Lipo kundi linalomlinda mlaji, kama cheti cha afya na maji safi. Lipo kundi linalomlinda mpita njia na jirani, kama marufuku ya kuziba barabara, kumwaga maji machafu mtaroni au kuacha takataka. Na lipo kundi la tatu, ambalo halimlindi mlaji wala jirani, bali linamlinda muuzaji mwingine dhidi ya ushindani.

Jiji la Chicago linatupatia mfano ulio wazi wa kundi hilo la tatu. Huko gari la chakula haliruhusiwi kuegesha ndani ya futi 200, yaani takriban mita 61, kutoka mlango wa mgahawa. Katikati ya jiji migahawa imejaa kila kona, kwa hiyo nafasi zinazobaki ni chache sana. Tena kila gari linatakiwa kuwa na kifaa cha kielektroniki kinachoonyesha mahali lilipo. Mwenye gari la kuuza keki alikwenda mahakamani kuipinga sheria hiyo, na mnamo Mei 2019 Mahakama Kuu ya jimbo la Illinois iliamua kwamba sheria ni halali. Hoja moja kuu ilikuwa kwamba migahawa hulipa kodi ya majengo na huleta utulivu katika mtaa, hivyo jiji lina haki ya kuijali.

Sitaki kuidharau hoja hiyo. Hebu tufikirie mama mwenye mgahawa mdogo. Analipa kodi ya pango kila mwezi, umeme, maji na mishahara ya wasichana wawili. Saa saba mchana, wakati pekee ambao biashara yake inapata uhai, gari linafika, linaegesha mbele ya mlango wake, linauza kwa saa mbili, kisha linaondoka na wateja wake. Nani asingeumia? Maumivu ya mama huyu ni ya kweli, na anastahili kusikilizwa.

Hata hivyo, maumivu na haki ni vitu viwili. Wateja si shamba lenye hatimiliki. Anayekula kwa mama leo hajamwahidi kwamba atakula kwake kesho. Mwaka 1845 Mfaransa Frédéric Bastiat aliandika dhihaka mashuhuri ambamo watengeneza mishumaa wanaliomba bunge lifunge madirisha yote ya nchi, kwa sababu jua linawaharibia biashara kwa kugawa mwanga bure. Tunacheka, lakini ombi la kumfukuza muuzaji mwingine mita 61 kwa sababu tu chakula chake kinapendwa ni binamu wa ombi hilo. Kama tatizo ni kwamba gari halilipi kodi ya pango, basi litozwe ada ya kuegesha inayolingana na faida linayoipata kwa barabara ya umma. Huo utakuwa usawa. Kulifukuza si usawa, ni kumchagua mmoja kati ya watu wawili wanaotafuta riziki kwa njia ileile.

Basi, tunaweza kusema kwamba anayevunja sheria ya kundi la kwanza au la pili anamkosea binadamu mwenzake, na anayevunja sheria ya kundi la tatu anamkosea nani hasa? Ni vigumu kumtaja. Lakini suala halijaisha, kwa sababu hata sheria nzuri ya kumlinda mlaji inaweza kugeuka kuwa dhuluma kwa njia nyingine: kibali chenyewe kisipopatikana.

Mfano maarufu zaidi ni wa New York. Mwaka 1983 jiji hilo liliweka kikomo cha vibali vya kuuza chakula mitaani, vikawa takriban 3,000, na kikomo hicho kikakaa kwa miongo mingi huku watu wakiongezeka. Ada rasmi ya kibali ilikuwa takriban dola 200 kwa miaka miwili. Lakini kwa kuwa vipya havikupatikana, waliokuwa navyo wakaanza kuvikodisha kwa siri. Kibali kilekile cha dola 200 kilikodishwa kwa dola 20,000 na zaidi. Wengi waliokodi ni wahamiaji waliokuwa wakisimama juani na kwenye theluji kuanzia alfajiri, ilhali mwenye kibali amekaa nyumbani bila kushika hata mwiko. Mwaka 2021 baraza la jiji lilipitisha sheria ya kuongeza vibali kidogo kidogo kila mwaka.

Ona jinsi mambo yalivyogeuka. Sheria iliyowekwa kwa jina la utaratibu ilizaa tabaka la mabwana wasiopika na watwana wanaopika. Hakuna mlaji hata mmoja aliyelindwa na dola hizo 20,000. Najua kwamba nafasi ya barabara ina mpaka, na jiji lenye watu mamilioni haliwezi kumruhusu kila mtu asimame kila mahali. Kikomo chenyewe si dhuluma. Dhuluma ni kukigawa kikomo hicho kwa namna ambayo aliyefika mapema anakuwa mwenye nyumba, na aliyechelewa kuzaliwa anakuwa mpangaji wake milele.

Kwetu kibali hakikomei kwenye idadi. Kwetu kinapotelea njiani. Kaka yangu mkubwa, anayeishi katika mji mdogo ambao sitautaja, alinunua basi dogo lililochoka, akaling'oa viti, akaweka jiko la gesi, tanki la maji la lita 100 na beseni la kunawia. Alitaka kufanya mambo kwa utaratibu. Ofisi ya leseni ikamwambia alete kwanza hati ya ukaguzi wa afya. Mkaguzi wa afya akamwambia kwamba yeye hukagua jiko lenye anwani, hivyo alete kwanza leseni inayoonyesha namba ya kiwanja. Kaka akaeleza kwamba gari halina kiwanja. Akaambiwa aje wiki ijayo. Alizungushwa kwa karibu wiki saba. Ofisa mmoja alimshauri kwa upole kwamba mambo yangekwenda haraka kama angekumbuka kwamba mkono mtupu haulambwi.

Hatimaye alianza kuuza bila leseni. Na hapa pana jambo ambalo limenifikirisha kuliko yote. Kila asubuhi mtoza ushuru wa soko alifika dirishani kwake na kumtoza ada ya siku. Kitabu cha stakabadhi hakikuwa na mstari wa gari, kwa hiyo aliandikiwa "kibanda". Kaka ana bahasha nzima ya stakabadhi hizo. Kisha mchana mmoja askari wa mji walikuja wakachukua mitungi yake miwili ya gesi kwa sababu hakuwa na kibali, akalazimika kulipa faini kuikomboa. Yaani asubuhi alikuwa mfanyabiashara anayepaswa kuchangia, na mchana alikuwa mhalifu asiyepaswa kuwepo. Fedha zake zilikuwa halali, yeye hakuwa.

Mwanafalsafa wa sheria wa Marekani, Lon Fuller, katika kitabu chake The Morality of Law cha mwaka 1964, anasimulia juu ya mfalme aliyetaka kutunga sheria na akashindwa kwa njia nane. Mojawapo ya njia hizo ni kutunga sheria zinazodai mambo yasiyowezekana. Nyingine ni kutunga sheria zinazopingana, na nyingine tena ni kutangaza sheria moja lakini kutekeleza nyingine. Fuller anaeleza kwamba mtawala akishindwa kabisa katika jambo lolote kati ya hayo, hajatunga sheria mbaya tu, bali hajatunga sheria kabisa, na ni vigumu kudai kwamba raia ana wajibu wa kuitii. Nikiisoma orodha ile nakiona kisa cha kaka yangu kimekanyaga mistari mitatu: aliambiwa alete karatasi isiyowezekana kupatikana, kutoka ofisi mbili zinazopingana, huku kanuni iliyobandikwa ukutani ikiwa si ile iliyotumika mlangoni.

Wapo watakaonijibu kwa hoja nzito. Watasema: kama kila mtu atajiamulia sheria ipi inamfunga na ipi haimfungi, nchi itaanguka. Leo ni muuzaji wa chapati, kesho ni dereva mlevi, keshokutwa ni mwenye bunduki. Hoja hii ni ya kale. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Crito, Socrates yuko gerezani akisubiri kuuawa mwaka 399 kabla ya Kristo. Rafiki yake anataka kumtorosha. Socrates anakataa, na anaziwazia sheria za Athens zikimwambia: sisi tulikulea, tukakusomesha, ukakaa nasi miaka 70 bila kuondoka, leo unataka kutuvunja kwa sababu hukumu haikupendezi?

Naiheshimu sana hoja ya Socrates. Lakini tukiisoma kwa makini, tunaona kwamba sheria zile hazikumwambia "tii" peke yake. Zilimwambia ashawishi au atii. Raia wa Athens alikuwa na mlango: angeweza kusimama mbele ya wenzake na kuwashawishi kwamba sheria ni mbaya. Alishindwa kuwashawishi, ndipo akatii. Sasa tujiulize, muuzaji wa chapati anamshawishi nani? Anaitwa kwenye kikao gani? Nani amewahi kumuuliza maoni yake kabla ya kanuni za mji kupitishwa? Mnamo Januari 2022, wachuuzi walipoondolewa katika mitaa ya Kampala, wengi wao walijikuta wakijadiliwa kila mahali, redioni na magazetini, isipokuwa pale ambapo maamuzi yanafanyika. Ukiondoa neno "ashawishi", hoja ya Socrates inabaki na mguu mmoja.

Na mlango wa kushawishi ukifungwa kabisa, mambo huwa mabaya. Tarehe 17 Desemba 2010, katika mji wa Sidi Bouzid nchini Tunisia, kijana Mohamed Bouazizi, aliyeuza matunda kwa mkokoteni, alinyang'anywa mizani yake. Alikwenda ofisini kulalamika, hakusikilizwa. Alijimwagia mafuta na kujichoma moto mbele ya ofisi ya gavana, na alifariki tarehe 4 Januari 2011. Siku 10 baadaye rais wa nchi hiyo alikimbia. Watu husimulia kisa hiki kama habari ya siasa. Mimi naona kwamba kabla ya kuwa habari ya siasa ilikuwa habari ya mtu aliyeambiwa na ofisi kwamba hana nafasi ya kusema.

Kwa hiyo simaanishi kwamba muuzaji asiye na kibali hana wajibu. Ana wajibu, lakini nadhani tumeuweka mahali pasipo pake. Tumeuweka kwenye karatasi, wakati ambapo uko kwenye sufuria. Aliyenyimwa karatasi hajaachiliwa kunawa mikono. Aliyezungushwa wiki saba hana ruhusa ya kutumia mafuta yaliyokwisha kuwa meusi, wala mtungi wa gesi unaovuja. Wajibu huo haukutoka ofisini, kwa hiyo ofisi haiwezi kuufuta. Kaka yangu alikwenda kupimwa afya kwa fedha zake mwenyewe na akanunua kizimamoto, ingawa hakuna aliyekuja kuviangalia. Kwa maoni yangu, mtu kama huyo ametii sheria kuliko mwenye kibali aliyekinunua kwa hongo na kupika kwa maji ya mtaroni. Wa kwanza ametimiza kile ambacho kibali kiliwekwa kukilinda. Wa pili anacho kibali, lakini hicho alichokilinda hakipo.

Wajibu wa pili ni wa ofisi, na huu hatuusemi mara nyingi. Tunapenda kusema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Lakini mijini mwetu msumeno huu umezoea kukata upande mmoja. Muuzaji akichelewa kulipa, faini. Ofisi ikichelewa kumjibu, hakuna lolote. Kama kibali ni sharti la mtu kupata mkate wake wa kila siku, basi anayeshika mhuri ameshika mkate wa mtu, na kila siku anayoichelewesha bila sababu ni siku ya njaa katika nyumba fulani. Tukimwita muuzaji mkosaji kwa kukosa kibali, ni lazima tuwe na jina kwa ofisa aliyemkosesha.

Wengine watasema kwamba haya ni maneno mazuri tu ya darasani. Lakini kuna nchi zilizojaribu. Mwaka 2014 bunge la India lilipitisha sheria ya wachuuzi wa mitaani inayotaka kila mji uwe na kamati ya biashara za barabarani, ambamo angalau asilimia 40 ya wajumbe ni wawakilishi wa wachuuzi wenyewe, na theluthi moja ya wawakilishi hao wawe wanawake. Tena sheria hiyo inakataza kuwafukuza wachuuzi kabla hawajahesabiwa na kupewa vyeti. Utekelezaji wake una kasoro nyingi, lakini angalau neno "ashawishi" limerudishwa mahali pake. Jirani zetu wa Tanzania nao, mnamo Desemba 2018, walianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, karatasi moja badala ya msururu wa ushuru. Kitambulisho hicho hakikumaliza matatizo ya machinga, na baadaye wengi walihamishwa kutoka barabarani. Lakini kilionyesha kwamba mlango wa kibali unaweza kufunguliwa ukatosha hata mtu mwenye sinia.

Nikikusanya niliyoyasema, jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Anayeuza chakula bila kibali ametenda kosa ikiwa kibali kilikuwepo, kilipatikana kwa bei na muda ambao mtu wa kawaida anauweza, na yeye akakikwepa ili asikaguliwe. Huyo amewakosea wanaokula kwake, kwa sababu amewaibia jicho lao. Lakini aliyegonga mlango kwa uaminifu, akazungushwa, kisha akapika kwa usafi uleule ambao kibali kingemdai, hajamkosea mtu. Deni liko upande wa pili wa meza.

Na kuna kipimo rahisi ambacho kila mji ungeweza kukitumia kwa kila kanuni yake ya gari la chakula. Iulizwe: kanuni hii ikifutwa kesho, nani ataumia? Kama ni mlaji au mpita njia, ibaki, na ukaguzi ufanywe haraka na bila chai. Kama ni muuzaji mwingine tu, isiitwe afya wala usalama. Iitwe kwa jina lake na ijadiliwe hadharani. Na kama hakuna atakayeumia isipokuwa yule anayepokea kitu kidogo dirishani, ifutwe.

Hapo ndipo zile sura mbili za neno kibali zitakapotengana tena kama tunavyofundishwa darasani. Kupendwa na wakubwa kutabaki kuwa bahati ya wachache. Karatasi ya kumruhusu mtu mwaminifu kupika itakuwa haki ya kila aliyenawa mikono yake.